Mdogo wangu, anza na miguu ya banda

Wadogo zangu, leo tuketi nyuma ya nyumba, pale kwenye matuta ya mchicha, maana nataka tuongee habari ya banda la nailoni. Najua wengine mnaliita kitalu nyumba, wengine grinihausi. Mimi nasema lile la kawaida kabisa la bustani ya nyumbani: matao ya bomba au mianzi, nailoni juu, wavu pembeni, nyanya na hoho ndani.

Mdogo wangu mmoja wa Mafinga ameniandikia kurasa mbili. Kikoba chao kimevunja mwaka, mgao wake ameupata, na anataka nimwambie nailoni ipi anunue. Ameuliza mikroni ngapi, rangi gani, itadumu miaka mingapi. Maswali mazuri yote. Lakini katika kurasa zile mbili sikuona neno hata moja kuhusu ardhi banda litakaposimama, wala kitakacholishikilia. Ndiyo maana namjibu mbele yenu wote: mdogo wangu, nailoni ni kitu cha mwisho kununua. Pesa yako ya kwanza iende chini ya udongo, mahali ambapo hakuna mgeni atakayeiona akakusifia.

Nasema hivi kwa uchungu wa jambo lililonipata. Mimi naishi Makambako, pale njia panda, barabara moja inaelekea Mbeya na nyingine inashuka Songea. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na aliyewahi kushuka kwenye basi hapa usiku wa mwezi wa saba anajua upepo wetu. Haupulizi ukapita. Unakaa. Kule Mufindi, jirani zetu, mwaka 2020 walisimamisha mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo, na waliochagua eneo lile hawakubahatisha. Sasa mimi katika upepo huohuo nilijenga banda langu la kwanza kwa mianzi, nikachomeka miguu sentimita 30 tu ardhini, nikafunga nailoni vizuri ikakaza kama ngozi ya ngoma. Lilikuwa zuri kweli. Watu walikuja kulitazama.

Lilikaa miezi mitatu. Usiku mmoja wa mwezi wa nane nilisikia mlio kama wa turubai la lori linalopasuka, na kulipokucha nikakuta mashimo 14 yamejipanga mistari miwili, matupu, kama fizi zilizong'olewa meno. Banda lenyewe lilikuwa kwenye miparachichi ya jirani. Nyanya zilikuwa zimeanza kugeuka rangi. Nilichuma zile zilizobaki, nikaenda kwa jirani kuomba radhi kwa matawi yaliyovunjika, kisha nikarudi nikakaa chini nifikirie kilichotokea. Mwanzi ulikuwa mzima. Nailoni ilikuwa imechanika sehemu moja tu. Kilichoshindwa ni miguu.

Tuelewane kwanza kuhusu upepo, kwa sababu ukiuelewa utajenga hata bila mimi. Nyumba ya tofali inakaa pale ilipo kwa uzito wake. Banda la nailoni halina uzito. Langu la sasa lina upana wa mita 3.5 na urefu wa mita 10. Nailoni ya mikroni 200 ina uzito wa gramu 180 na ushei kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo karatasi yangu nzima, upana mita 8 na urefu mita 15, ni kama kilo 22. Mtoto wa darasa la saba anaibeba. Upepo wa kilomita 72 kwa saa, kwa hewa yetu ya huku juu, unasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 20 kwenye kila mita ya mraba. Sakafu ya banda ni mita za mraba 35. Zidisha, ni kilo 700. Si zote zinazoinua, kwa sababu tao hugawanya upepo, lakini hata ukichukua nusu yake una kilo 350 zinazovuta kwenda juu, sawa na mifuko 7 ya saruji. Na zinavuta kwenda juu kweli, maana upepo ukipita mgongoni mwa tao unaongeza kasi na kunyonya, kama unavyoliinua bawa la ndege. Ukisahau mlango wazi upande unaotoka upepo, hewa inaingia ndani na kusukuma pia kutoka chini. Hapo zile 700 zinaweza kutimia zote.

Kuna jambo moja zaidi ambalo watu hawalitarajii. Upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Kwa hiyo banda lililostahimili upepo wa kila siku kwa mwaka mzima halijakuthibitishia chochote kuhusu usiku mmoja mbaya.

Sasa wengine mtaniambia, dada, nimeona kwenye picha za Ulaya wanazika tu nailoni kwenye mtaro. Ni kweli, na ni njia nzuri kwao. Wanachimba mtaro pande zote mbili, wanateremsha ukingo wa nailoni ndani, wanarudishia udongo na kuushindilia. Mtaro wa sentimita 30 kwa 30 kwenye banda la mita 10 unabeba zaidi ya tani 2 za udongo pande zote mbili, na nailoni yenyewe inakuwa kamba ya kulifunga banda. Lakini wao wanatafuta joto. Sisi tunalikimbia. Hata Makambako penye baridi, saa saba mchana wa mwezi wa kumi, ndani ya nailoni iliyozikwa pande zote nyanya zinaiva zikiwa mtini, na simaanishi kuiva kwa kuliwa. Joto likivuka nyuzi 35 chavua ya nyanya inaharibika, maua yanapukutika, nawe unabaki na mti mrefu wa kijani usio na kitu. Kwa hiyo sisi lazima tufungue ubavu, tuweke wavu. Na ukishafungua ubavu, ule mtaro wa udongo haushikilii nailoni tena. Mzigo wote unahamia kwenye miguu. Hapo ndipo wengi wetu tunaanguka: tunaiga umbo la banda lao, tunafungua pembeni kwa sababu ya jua letu, halafu hatuweki kitu chochote mahali pa ule udongo tulioutoa.

Basi tuanze kazi. Nitakwambia nilivyolijenga hili la pili, ambalo limeshapita viangazi vinne.

Kwanza nilichagua mahali pa kulisimamisha. Tembea kiwanjani kwako jioni tatu nne za upepo, ukiwa na kitambaa mkononi, uone unakotoka. Huku kwetu wakati wa kiangazi mwingi unatoka kusini mashariki. Kichwa chembamba cha banda ndicho kiuelekee upepo, si ubavu mrefu. Kama una nafasi, panda matete mistari miwili upande huo, mita 6 au 7 kutoka kwenye banda. Usijenge ukuta wa tofali ukidhani ndiyo kinga bora zaidi. Ukuta unaurusha upepo juu, kisha unaanguka nyuma yake kwa fujo, mara nyingi juu ya banda lenyewe. Uzio unaopitisha kama nusu ya upepo unautuliza, na kivuli chake cha utulivu kinafika hata mara kumi ya urefu wake. Matete ya mita 3 yanakutunzia karibu mita 30 za bustani, na ng'ombe anapata majani. Epuka chini ya nyaya za umeme, epuka karibu na mti wenye matawi makavu.

Kama kiwanja ni cha wakwe, au umepanga, malizana na wenyewe kabla hujamwaga zege. Nimewaona mabinti wawili wakiacha miguu mizuri ya mabomba kwenye ardhi ambayo mwisho wa yote haikuwa yao. Sema mapema, mbele ya mtu wa tatu, banda ni la nani na siku ya kuhama linatoka vipi. Kusema mapema si utovu wa adabu.

Kisha vipimo. Piga vigingi vinne vya pembeni, kamba pande zote, halafu pima kutoka kona hadi kona. Kwa banda la mita 3.5 kwa 10, mishazari yote miwili iwe mita 10.6. Ikitofautiana, banda limepinda na nailoni haitakaza sawasawa, itabaki na mikunjo upande mmoja, na mkunjo ndio mahali upepo unapoanzia kazi yake. Nilirudia kupima mara tatu. Fundi aliguna. Mwache agune.

Miguu yangu ni vipande vya bomba la chuma la inchi moja na robo, kila kimoja sentimita 90. Bomba la mita 6 linatoa vipande 6, na kwa matao 9 unahitaji 18, kwa hiyo ni mabomba matatu. Sentimita 60 zinazama, 30 zinabaki juu. Tao lenyewe ni bomba la inchi moja, urefu wake wote wa mita 6, linaloingia ndani ya mguu kisha linafungwa kwa bolti inayopenya yote mawili. Usiamini namba za dukani peke yake, maana unene wa mabomba unatofautiana. Nenda na kipande mkononi, jaribu kama kinaingia kabla hujalipa.

Kabla ya kuushusha mguu shimoni, mwambie fundi wa kuchomelea atoboe sehemu ya chini na kupitisha kipande cha nondo cha sentimita 15, kikae kama msalaba. Hiki kidude kidogo ndicho ninachokusihi usikiruke. Bomba laini lililozama kwenye zege linaweza kuchomoka kama kijiti kwenye ugali uliopoa. Lenye msalaba halitoki bila kung'oa zege lote.

Shimo liwe na kipenyo cha sentimita 30 na kina cha 60. Chimba kwa mtalimbo, udongo utoe kwa kopo. Chini liwe pana kuliko juu, kama chungu, si kama faneli, ili udongo wenyewe ulikalie zege mabegani. Zege la shimo moja kama hilo lina uzito wa karibu kilo 100. Mashimo 18 yanakupa zaidi ya tani moja na nusu, nawe umeshaona hesabu ya upepo juu. Nilitumia mifuko mitano ya saruji kwa mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Hiyo ndiyo gharama iliyoniuma zaidi siku ile, na ndiyo ninayoishukuru kila mwezi wa nane. Kama hapo kwako upepo ni wa wastani, mwaga zege kwenye kona nne na miguu miwili ya katikati kila upande, mingine shindilia udongo na mawe. Lakini kona usizipunje.

Panga miguu kwa pima maji na kamba iliyokazwa, yote iwe kimo kimoja. Acha nafasi ya mita 1.25 kati ya tao na tao. Vitabu vingi vinaruhusu nafasi kubwa zaidi, lakini sisi tunajenga penye upepo. Zege limwagilie maji siku saba. Usimruhusu mtu yeyote alipachike tao siku ya pili eti limeshakauka. Limekauka juu tu.

Mdogo wangu ambaye bomba limekushinda bei, usikate tamaa. Nguzo za milingoti zinafanya kazi, ila zizame sentimita 80, na chini upigilie kipande cha mbao cha msalaba, wazo ni lilelile la nondo. Ncha zichome moto mpaka ziwe nyeusi, mchwa wachelewe. Watu wengi hupaka oili chafu. Mimi kwenye udongo wa mboga ninazokula siitaki. Juu unaweza kukunja mianzi, na sisi wa nyanda hizi mwanzi si wa kutafuta mbali, ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, umetufundisha kuutunza. Ila pitisha kisu kwenye kila kifundo mpaka kilainike, maana kifundo kimoja chenye ncha kinatosha kuichana nailoni yote. Na ujue kwamba baada ya miaka miwili mitatu utabadilisha.

Matao hukunjwa chini, kwa vigingi vilivyopigwa ardhini kwenye nusu duara, watu watatu wakivuta taratibu. Yakishasimama, funga bomba la mgongoni kutoka kichwa hadi kichwa. Halafu, tafadhali, weka mishazari kwenye kona zote nne: bomba linalotoka chini ya tao la kwanza kwenda juu ya tao la pili au la tatu. Bila mishazari matao yote yanaweza kulala upande mmoja kama kadi za karata, hata miguu ikiwa imara vipi. Niliwahi kuliona banda la namna hiyo barabara ya Njombe, miguu mizima, mabomba yote yamelalia kaskazini.

Pembeni, sentimita 90 kutoka ardhini, fungia ubao mrefu wa mbili kwa mbili kila upande. Hapo ndipo nailoni itakapobanwa, kwa kuikunja kwenye papi nyembamba na kupigilia, au kwa ile reli ya chuma yenye waya wa kupindapinda kama una uwezo. Chini ya ubao unaweka wavu wa kuzuia wadudu, wenye matundu madogo sana, si wavu wa kivuli. Kantangaze, yule mdudu anayeshambulia nyanya, aliingia nchini kwetu mwaka 2014 na nyanya za nje hazijapumzika tangu hapo. Ukingo wa chini wa wavu uuzike sentimita 20. Nailoni inayozidi chini ya ubao usiikate. Iviringishe kwenye mwanzi mrefu iwe pazia: mchana unaikunja, usiku wa baridi unaishusha. Ila ukiishusha ifunge. Nailoni inayopigapiga usiku kucha inachoka haraka kuliko iliyokaa juani.

Tumefika kwenye nailoni, na sasa nayajibu maswali ya barua. Nunua ya mikroni 200 iliyotiwa dawa ya kuzuia mionzi ya jua, uliza hivyo hivyo dukani, na ikitunzwa itakupa miaka mitatu, minne. Ile ya wajenzi, inayouzwa kufunika saruji, inapasuka kabla hujala mavuno mawili. Rangi, ya maziwa kidogo inatawanya mwanga vizuri zaidi kuliko ang'avu kabisa. Soma maandishi ya pembeni, kuna upande wa kutazama nje. Mabomba yapake rangi nyeupe mgongoni, kwa sababu chuma kilichochemka juani kinaila nailoni pale kinapoigusa. Bomba la plastiki la PVC usilitumie kwa tao, nalo linaiharibu. Na ukipuliza dawa ya salfa ndani, ujue kwamba mivuke yake inaipunguzia nailoni umri. Hili mafundi wengi hawalisemi.

Siku ya kuifunika, chagua asubuhi tulivu yenye jua. Huku kwetu saa tatu hadi saa tano ndiyo dirisha lako, baada ya hapo upepo unaamka. Nailoni iliyopata joto inanyooka, unaivuta ikaze, na jioni ikipoa inajibana yenyewe. Ita watu sita. Msivute kwa kucha, vuteni kwa viganja. Upepo ukianza katikati ya kazi, teremsheni nailoni, ikunjeni, mrudi kesho. Pilau iliyopikwa kwa ajili ya wasaidizi haiharibiki kwa kuliwa mara mbili.

Halafu kuna mikanda. Kwa kuwa ubavu wetu uko wazi, mimi napitisha mikanda bapa ya nailoni juu ya banda, katikati ya tao na tao, nafasi moja ndiyo, moja hapana. Kila mwisho wa mkanda unafungwa kwenye kitanzi cha waya mnene kinachotoka ardhini, na chini ya ardhi, sentimita 60, waya huo umezungushiwa tofali la saruji lililolala. Jiwe kubwa linafaa pia. Udongo ulioshindiliwa juu ya tofali ndio unaoshika. Usitumie waya juu ya nailoni badala ya mkanda. Waya utaisaga. Kamba ya katani inakaza kwenye mvua na kulegea kwenye jua, nayo siipendi.

Maji ya mvua watu huyasahau. Mvua ya milimita 30 juu ya paa la mita za mraba 35 ni lita 1,000 na zaidi, nusu kila upande, zote zikidondoka hasa pale miguu ilipo. Udongo uliolowa haushiki. Chimba mfereji nusu mita kutoka kwenye miguu, uyapeleke maji kwenye pipa au kwenye migomba. Banda la jirani yangu halikung'olewa wakati wa kiangazi kama langu. Lilisukumwa mwezi wa tatu, udongo ukiwa tope.

Ndani sitakaa sana, tutaongea siku nyingine. Ila nyanya usizining'inize zote kwenye matao. Miti 60 yenye matunda, kila mmoja ukiwa na kilo 5, ni kilo 300 mgongoni mwa mabomba ambayo tayari yana kazi yake. Simamisha nguzo zao ndani na waya wake. Na kwa kuwa umeufungia upepo nje, tikisa kamba za nyanya kila siku karibu na saa sita mchana ili chavua idondoke.

Ukishamaliza, uwe na desturi. Kila baada ya upepo mkubwa zunguka banda, shika kila mguu, utikise. Bolti iliyolegea ikaze palepale. Tundu la ukubwa wa sarafu lizibe siku hiyohiyo kwa utepe wake, kwa sababu upepo unahitaji pa kutia kidole tu. Upepo ukivuma sana, funga milango yote miwili, teremsha mapazia na uyafunge.

Na kuna jambo moja ambalo nilisita kuliandika kwa sababu linauma. Weka kisu chenye makali mahali unapokifikia usiku. Ikitokea dhoruba ambayo matao yameanza kukunjika na unaona banda zima linaondoka, ichane nailoni, kutoka nje, upande ule unaotoka upepo, kama unaweza kufika bila kuhatarisha mwili wako. Nailoni inanunuliwa tena. Mabomba yaliyopinda hayanyooki, na bomba linaloruka linaweza kumkuta mtoto wa mtu. Kama huwezi kufika salama, baki ndani ya nyumba. Hakuna nyanya inayolingana na wewe.

Mdogo wangu wa Mafinga, mgao wako wa kikoba ni jasho la mwaka mzima, nami sitaki uuone kwenye mti wa jirani. Mvua zimekwisha, udongo bado ni laini, upepo haujaanza. Kabla hujaenda dukani kuulizia nailoni, azima mtalimbo, nenda nyuma ya nyumba, chimba shimo moja tu la sentimita 60. Kisha niandikie umekuta udongo gani: mfinyanzi, mchanga, au mwamba. Tutaanzia hapo.